Mizani ya Kweli Ndiyo Nguzo ya Jamii

Watu wengi wakikusanyika mahali pamoja si lazima wawe jamii. Sokoni siku ya gulio huwapo watu elfu, na kila mmoja ana shughuli yake. Jua likitua hutawanyika, wala hakuna amwulizaye mwenzake amelala wapi. Jamii ni jambo jingine. Jamii ni watu walioshikwa na kitu kisichoonekana kwa macho, hata mmoja wao akiumwa wengine huhisi maumivu, na mmoja wao akiiba wengine huona haya. Kitu hicho ni nini? Wenye elimu wamekipa majina mengi: haki, usawa, ukweli, utu, uhuru, umoja. Majina hayo ni mazuri, na hakuna mkutano ambapo hayatajwi. Walakini jina halishibishi. Jambo jema hujulikana thamani yake linapotiwa katika mizani, katika daftari na katika sanduku la fedha.

Kwa sababu hiyo yafaa kutazama mahali pamoja ambapo maneno hayo yalijaribiwa na watu wa kawaida, wasio na cheo wala mali, ili ionekane yapi yalisimama na yapi yaliyumba.

DUKA LA MAFUNDI MASKINI

Karibu na Manchester, katika Uingereza, uko mji uitwao Rochdale. Katika miaka ya 1840 watu wake wengi walikuwa wakiishi kwa kazi ya kufuma nguo, na hali yao ilikuwa ya dhiki. Mashine zilikuwa zimeingia, na ujira wa mfumaji wa mkono ulikuwa umeshuka. Mwenye duka alimkopesha maskini, kisha akamfunga kwa deni hata asiweze kununua kwingine. Tena chakula chenyewe hakikuwa cha kuaminika. Unga ulichanganywa na chaki au shabu ili uonekane mweupe. Majani ya chai yaliyokwisha kutumiwa yalikaushwa na kuuzwa mara ya pili. Na mizani ya maduka mengi ilielekea upande wa mwenye duka.

Mwaka 1844 watu wapatao 28 wa mji huo, baadhi yao wafumaji na wengine mafundi wa kazi nyingine, walipatana kuweka akiba ya pensi chache kila juma. Haba na haba hujaza kibaba: walipokwisha kupata pauni 28, walipanga chumba cha chini katika nyumba moja ya njia iitwayo Toad Lane, na usiku wa tarehe 21 Desemba 1844 wakafungua duka. Bidhaa zao zilikuwa siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa. Hakuna zaidi. Inasimuliwa kwamba vijana wa viwandani walisimama nje wakiwacheka. Hata hivyo, duka lile dogo ndilo lililotoa kanuni ambazo vyama vya ushirika vya dunia nzima vinazifuata hata leo.

Kilichowainua si fedha, maana hawakuwa nayo. Ni mambo manne waliyoyakubali, kisha wakayatenda.

LA KWANZA: UKWELI

Waliahidi kuuza kitu safi kisichochanganywa, na kupima kwa kipimo kamili. Ahadi hiyo leo yaonekana ndogo, lakini wakati ule ilikuwa jambo kubwa. Bunge la Uingereza halikutunga sheria ya jumla ya kuzuia uchanganyaji wa vyakula mpaka mwaka 1860. Kwa hiyo watu wale walijifunga kwa ukweli miaka 16 kabla ya sheria hiyo. Hawakungoja askari aje ndipo wawe waaminifu.

Mkulima anaelewa neno hili kuliko mtu mwingine. Mathalani mizani ya kiwanda cha kahawa ikimla kila mkulima nusu kilo tu, naye asitambue. Wakulima wakiwa 300, ni kilo 150 kwa siku moja. Mavuno yakidumu siku 40, zimekwenda kilo 6,000, yaani tani 6, na hakuna hata mmoja aliyelia, kwa maana kila mmoja ameumia kidogo. Huo ndio ubaya wa uwongo katika jamii: humwumiza kila mtu kidogo kidogo hata siku moja wote wajikute maskini, wasijue aliyewaibia.

Lakini mizani ina pande mbili. Mfugaji atiaye maji katika maziwa kabla ya kuyapeleka chamani naye ni ndugu yake karani mwenye kuiba kwa mizani. Yule mmoja amewaibia wengi, na huyu pia amewaibia wengi, kwani maziwa yote humiminwa katika chombo kimoja, na yakikataliwa hukataliwa yote. Haifai mtu kudai ukweli kwa wakubwa huku yeye mwenyewe ameficha kibuyu cha maji.

LA PILI: USAWA

Katika kampuni za biashara, mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti kubwa. Watu wa Rochdale walikataa desturi hiyo. Waliandika kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe ameweka pauni moja au pauni nyingi. Tena hawakumzuia mtu kwa dini yake wala kwa siasa yake, na wanawake walikuwa na haki ya kuwa wanachama na kupiga kura.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, yapasa kukumbuka hali ya nchi yao siku hizo. Mwaka 1844 wafanyakazi wengi wa Uingereza hawakuwa na kura ya Bunge. Wafanyakazi wa mijini waliokuwa na nyumba walianza kuipata kwa sheria ya mwaka 1867. Wanawake walipata kura hiyo kwa sehemu mwaka 1918, na sawasawa na wanaume mwaka 1928. Basi mwanamke aliyekuwa si kitu mbele ya Bunge aliweza kuinua mkono wake katika mkutano wa duka, na mkono wake ukahesabiwa sawa na wa mwanamume aliyeketi karibu naye.

Usawa huo haukuwa na maana kwamba watu wote wana akili sawa, au kwamba wote wapate fungu lililo sawa. Maana yake ni kwamba shida ya mdogo ina haki ya kusikilizwa kama shida ya mkubwa. Palipo na wengi, mwenye kujua tundu la paa ni yule alalaye chini yake.

LA TATU: HAKI KATIKA KUGAWANYA

Usawa wa kura ni jambo moja, na kugawanya faida ni jambo jingine. Je, faida igawanywe vipi? Ikigawanywa kwa wingi wa hisa, tajiri atazidi kutajirika kwa jasho la wanunuzi. Ikigawanywa sawa kwa watu wote, yule aliyekuja dukani mara moja kwa mwaka atachukua sawa na aliyekuja kila juma. Watu wa Rochdale walichagua njia ya tatu: fedha iliyowekwa katika hisa ilipata riba yenye mpaka, na faida iliyobaki ilirudishwa kwa kila mwanachama kwa kadiri ya manunuzi yake.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme gawio ni shilingi moja katika kila shilingi 20 za manunuzi. Aliyenunua vitu vya shilingi 9,000 atarudishiwa 450, na aliyenunua vya shilingi 1,000 atarudishiwa 50. Hakuna anayeweza kunung'unika, kwa kuwa kila mmoja amepokea kwa kadiri ya alivyochangia. Tena maskini mwenye watoto wengi, ambaye hana budi kununua unga kila siku, hujikuta mwisho wa robo ya mwaka ana akiba ambayo hakuiweka kwa kujinyima.

Pamoja na haki hiyo walikuwa na amri moja iliyoonekana kali: hakuna kukopa. Kila mtu alipe taslimu. Wako waliosema kwamba amri hiyo haina huruma, maana mwenye njaa hawezi kungoja siku ya mshahara. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Walakini watu wale walikuwa wameona jambo kwa macho yao. Katika mji uo huo wa Rochdale, katika miaka ya 1830, lilikuwapo duka jingine la ushirika, nalo lilikufa kwa sababu ya madeni. Kukopa harusi, kulipa matanga. Huruma iliyokosa mpango iliwanyima duka maskini wote, pamoja na wale waliokopeshwa. Basi walijifunza kwamba utu ni kujenga kitu ambacho maskini ataweza kukitegemea mwaka huu, na mwaka ujao, na miaka baada ya hapo.

LA NNE: ELIMU NA UWAZI

Duka lilipoanza kupata faida, wanachama hawakuimaliza yote mifukoni. Waliweka chumba cha kusomea magazeti na vitabu, na baadaye sheria yao ikaagiza kwamba sehemu 2.5 katika kila 100 za faida zitumiwe kwa elimu. Siku zile shule za serikali kwa watoto wote hazikuwapo katika nchi yao. Mfumaji aliyetoka kazini akiwa amechoka aliweza kupanda ngazi, akakaa penye taa, akasoma habari za dunia.

Tena hesabu za duka zilisomwa mbele ya wanachama kila robo ya mwaka. Mambo haya mawili, elimu na uwazi, ni mapacha. Hesabu iliyo wazi haimfai mtu asiyeweza kuisoma, na mtu mwenye elimu hana faida ikiwa daftari limefungiwa kabatini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ingefaa kuongeza kwamba mali yenye daftari nayo hupotea, ikiwa daftari lina msomaji mmoja tu.

WEMA HAURITHIWI

Mpaka hapa habari ni njema. Lakini wasomaji wasidhani kwamba watu wa Rochdale walikuwa malaika. Mwaka 1854 baadhi yao walianzisha chama kingine, cha kuendesha kiwanda cha nguo. Nia yao ilikuwa kwamba faida isiwe ya wenye hisa peke yao, bali igawanywe pia kwa wafanyakazi waliozisimamia mashine. Kazi ilistawi. Kwa kuwa ilistawi, watu wengi wenye fedha walikuja kununua hisa, nao hawakujali nia ya kwanza, walijali faida. Mwaka 1862 wenye hisa walipiga kura, na fungu la wafanyakazi likaondolewa.

Hakuna aliyevunja sheria. Hakuna aliyeiba. Mkutano ulifanywa, mikono ikahesabiwa, na haki ikatolewa nje kwa njia iliyo halali kabisa. Hili ndilo fundisho kubwa kuliko yote. Watu wanaweza kuachiwa na baba zao majengo, mashamba na sheria nzuri. Lakini moyo uliozitunga sheria hizo hauachwi katika wosia. Kila kizazi hakina budi kuchagua tena. Na chama au nchi ikipokea wanachama wapya pasipo kuwafundisha kwa nini nyumba ilijengwa, itakuja siku ambapo wapya watakuwa wengi kuliko wajuao, nao watabomoa nguzo wakidhani ni kuni.

HAPA AFRIKA MASHARIKI

Mafundisho hayo hayakukaa Ulaya. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika kilichojulikana kama Kilimanjaro Native Co-operative Union, chenye makao Moshi. Kenya ilitungiwa sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1931, lakini waliofaidika nayo zaidi walikuwa walowezi wa Kizungu. Sheria ya mwaka 1945 ndiyo iliyowafungulia Waafrika mlango kwa upana. Hata kahawa yenyewe, Mwafrika wa Kenya alizuiwa kuipanda katika sehemu kubwa ya nchi. Ruhusa ilianza kidogo kidogo huko Kisii na Meru katika miaka ya 1930, kisha ikaenea katika miaka ya 1950. Mizani yaweza kuwa sawa kabisa, lakini ikiwa mlango wa kuifikia umefungwa kwa rangi ya mtu, hiyo si haki. Usawa hauanzi kwenye kipimo, huanza mlangoni.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 vyama viliongezeka sana, vya kahawa, maziwa, pareto, na vya akiba na mikopo. Vingi vilisomesha watoto na kujenga nyumba za mawe. Hata hivyo vingine viliugua. Sheria ya mwaka 1997 ilipunguza mkono wa serikali katika vyama, ili wanachama wajitawale. Nia ilikuwa nzuri. Lakini katika sehemu nyingi za kahawa, uhuru ulifika kabla ya uangalizi wa wanachama wenyewe kukomaa. Vyama vikubwa viligawanyika vipande vipande, ugomvi wa uongozi ukatokea, na fedha za wakulima zikapotea mikononi mwa watu waliochaguliwa kuzilinda. Mwaka 2004 sheria hiyo ilirekebishwa ili kurudisha usimamizi. Ndipo ilipoonekana kwamba uhuru na uwajibikaji ni kama miguu miwili: atakaye kutembea kwa mmoja ataruka kidogo, kisha ataanguka.

MANENO YALIYOANDIKWA

Mwaka 1995 shirikisho la vyama vya ushirika vya dunia, lililoundwa London mwaka 1895, lilikutana Manchester likaandika maadili ya ushirika. Ni haya: kujisaidia, kuwajibika, demokrasia, usawa, haki na mshikamano, na pamoja nayo uaminifu, uwazi, wajibu kwa jamii na kuwajali wengine. Miaka 15 baadaye Wakenya walipitisha Katiba yao ya mwaka 2010. Kifungu cha 10 cha Katiba hiyo kinataja maadili ya taifa, na ndani yake yamo utawala wa sheria, demokrasia na ushiriki wa watu, heshima ya binadamu, haki ya kijamii, usawa, kuwalinda wanyonge, uadilifu, uwazi na uwajibikaji.

Mtu akiziweka orodha hizo mbili pamoja, ataona kwamba zinafanana kama ndugu. Si ajabu. Jambo linalolishika duka dogo lisianguke ndilo linaloishika nchi. Tofauti ni ukubwa wa paa. Nguzo ni zile zile.

KAZI YA KILA MTU

Basi mkulima afanye nini, na karani afanye nini? Mkulima aitazame mizani kabla ya kushusha mzigo wake, adai stakabadhi, aitunze, na siku ya mkutano mkuu aje nayo mkononi. Asikae nyumbani kisha akalalamika njiani. Aulize swali lake kwa adabu, na asipopewa jibu aulize tena. Mke wake, ambaye mara nyingi ndiye aliyechuma na kubeba, naye awe mwanachama kwa jina lake mwenyewe, maana si haki mikono ya mmoja ifanye kazi na mikono ya mwingine ndiyo ipige kura.

Karani aandike kile alichokiona katika mizani, si kile alichoagizwa kukiona. Kalamu yake ni ndogo, lakini watu mia tatu wamelala usingizi kwa kuitegemea. Mtunza hazina awakaribishe wakaguzi wa hesabu kama mgonjwa amkaribishavyo mganga, wala asiwaone kuwa maadui. Na mwenyekiti akumbuke kwamba kiti si shamba la urithi. Muda wake ukiisha na ainuke, akae pamoja na wenzake, awasaidie kwa ujuzi wake. Huko kuinuka ni sehemu ya uongozi pia.

Vijana nao wafundishwe. Wasiambiwe tu bei ya kahawa. Waambiwe jinsi chama kilivyoanza, ni nani waliotoa shilingi za kwanza, na ni shida gani iliyowakutanisha. Kijana ajuaye hayo hatadanganywa upesi na mtu ajaye na ahadi ya kugawanya mali ya wote kwa siku moja.

Jamii njema haijengwi na watu wasio na kosa, kwa maana watu hao hawapatikani. Hujengwa na watu wa kawaida waliokubali kupimwa kwa mizani moja, mkubwa na mdogo, mbele ya macho ya wote. Watu 28 walianza na siagi, unga na mishumaa. Kila kijiji kina kitu cha kuanzia. Kilichobaki ni watu kupatana, kisha kusema kweli hata siku ambayo kweli itawagharimu.